Asiyejua kusoma asivuke darasa la pili, lakini kwa masharti

Naunga mkono mtoto asiyejua kusoma azuiwe kuingia darasa la tatu. Nalisema mapema kwa sababu najua walimu wengi watanuna, na wazazi wengi watashangilia kabla hawajafika kwenye masharti. Masharti ndiyo makala yenyewe.

Matokeo ya kuwaachia tu wapite tumeshayaona. Uwezo, taasisi inayopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walipopita nyumba kwa nyumba hapa Tanzania mwaka 2010 na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, ni takriban watatu kati ya kila watoto kumi wa darasa la tatu walioweza kuisoma kwa Kiswahili. Muda mfupi baadaye taifa likashtuka kusikia kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 walichaguliwa kuingia kidato cha kwanza bila kujua kusoma na kuandika. Kelele zikawa nyingi kuhusu udanganyifu wa mtihani, na kweli ulikuwapo. Ila watoto wale walikaa darasani miaka saba, wakaitwa majina kila asubuhi, wakapandishwa kila Januari. Kila mwalimu aliyewapokea aliwakuta hivyo, na kila mmoja alikuwa na silabasi ya kumaliza.

Baada ya hapo serikali haikulala. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa mwaka 2015 ukabaki na KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kama kazi kuu, vitabu vikachapwa, walimu wakapigwa semina. Halafu 2016 ikaja elimu bila ada, na watoto karibu milioni 2 wakaandikishwa darasa la kwanza kwa mkupuo. Siilaumu hatua ile hata kidogo. Nasema tu kwamba mtaala uliotungwa kwa ajili ya mwalimu anayemsikiliza kila mtoto ulikabidhiwa kwa mwalimu ambaye hata kuwahesabu ni kazi.

Kuna jambo linanikera katika mjadala huu kuliko yote: tunazungumzia kusoma Kiswahili kana kwamba tunazungumzia kusoma Kiingereza. Mtoto wa Uingereza ana sababu ya kuchelewa, maana tahajia yao ni msitu. Herufi moja inatamkwa hivi hapa na vile pale, nyingine imeandikwa na haitamkwi kabisa. Sisi tuna irabu tano zisizogeuka. Mtoto akishaweza ba, be, bi, bo, bu, ameshajua njia, na kilichobaki ni kuirudia kwa konsonanti nyingine. Vikwazo vipo: herufi mwambatano kama mw, nyw na ndw, ng' inayochanganywa na ng, na yale maneno marefu kama "hawajatuandikia", ambayo mtoto anaanza kuyasoma kwa nguvu na kufika mwisho amesahau mwanzo. Hata hivyo, darasa linalofanya kazi linaweza kumfikisha mtoto kwenye sentensi kabla ya mwaka wa kwanza kwisha. Kuweka kizuizi mwishoni mwa darasa la pili basi si ukatili. Ni kumpa muda maradufu.

Namtenga mtoto mmoja tu. Yule wa Shinyanga au Longido ambaye Kiswahili anakutana nacho mlango wa shule, nyumbani ni Kisukuma au Kimaasai tupu. Huyo anaweza kuunganisha silabi vizuri kabisa akasoma aya nzima, umuulize imesema nini akuangalie. Kusoma ameweza, lugha bado. Kumrudisha nyuma akafundishwe a-e-i-o-u ni kumtibu ugonjwa asio nao.

Sasa kipimo. Kizuizi tulichokizoea kiko darasa la nne, kwenye upimaji wa kitaifa, ambapo asiyefikia ufaulu hukariri darasa. Hapo tumechelewa miaka miwili mizima, na isitoshe tunapima kwa karatasi. Mtoto asiyejua kusoma anafeli Sayansi, anafeli Hisabati za maneno, anafeli kila kitu, na kwenye matokeo anaonekana mjinga wa masomo sita wakati tatizo lake ni moja. Kusoma hupimwa kwa sikio. Mtoto mmoja, mwalimu mmoja, ukurasa ambao mtoto hajawahi kuuona, na saa. Kigezo kilichotumika katika tathmini za KKK nchini, maneno 50 kwa dakika kwa mtoto wa darasa la pili pamoja na maswali machache ya ufahamu, kinatosha kuanzia.

Na asipimwe na mwalimu wake. Nimekaa kwenye kamati ya shule na nimeona watoto "wakisoma" mbele ya wageni, kidole kinatembea, sauti inapanda na kushuka vizuri, mpaka mgeni mmoja alipoonyesha neno la katikati ya ukurasa na kuuliza hili ni nini. Kimya. Walikuwa wamekariri kitabu kizima kwa kukisikia kila siku. Mwalimu akijua kwamba kupanda kwa darasa kunategemea kipimo anachoandika yeye mwenyewe, darasa lote litafaulu ifikapo Novemba, wala sitamshangaa. Walimu wa shule jirani wabadilishane chini ya afisa elimu kata. Ni kazi ya siku chache.

Wanaotaka mfano wa nje hupenda kutaja Mississippi, jimbo maskini la Marekani lililopitisha mwaka 2013 sheria ya kumbakiza darasa la tatu mtoto asiyefikia kiwango cha kusoma. Wakati huo katika upimaji wa kitaifa wa kusoma kwa darasa la nne lilikuwa la 49 kati ya majimbo 50. Mwaka 2024 lilikuwa la 9. Wapo wanaosema sehemu ya mafanikio hayo ni hesabu tu, kwamba ukiwabakiza dhaifu darasa la tatu, lazima darasa la nne lionekane zuri. Hoja hiyo ina uzito wake, ila kupanda kutoka 49 hadi 9 hakuelezeki kwa ujanja huo peke yake. Ninachoona sisi hatukitazami ni yale yaliyotangulia kizuizi. Watoto walipimwa tangu chekechea, mzazi akaarifiwa mapema, walimu wakafundishwa upya namna ya kufundisha sauti na herufi, na shule zilizokuwa hoi zikapelekewa wakufunzi wa kukaa darasani na mwalimu. Mtoto aliyeshindwa alipewa nafasi zaidi ya moja ya kujaribu tena, na wenye ulemavu wakawekewa utaratibu wao. Michigan nayo ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2016, na 2023 ikaifuta sehemu ya kuzuia. Kwa hiyo kizuizi si dawa inayofanya kazi kokote utakakoipeleka.

Hapa kwetu utasikia kiongozi akiagiza jukwaani, akipigiwa makofi, kwamba asiyejua KKK asivuke. Kesho yake mwalimu mkuu anarudi shuleni na agizo, bila mwalimu wa kuongezea, bila chumba.

Na mwalimu mkuu huyo ana mwalimu hodari mmoja. Anampanga wapi? Darasa la saba, bila shaka. Ndiko kwenye mtihani, ndiko shule inakotajwa kwenye vikao vya wilaya. Hata baada ya NECTA, Baraza la Mitihani, kuacha kutangaza shule kumi bora, mazoea hayo hayajaondoka. Darasa la kwanza anapewa mwalimu mgeni, au anayekaribia kustaafu, au anayeumwaumwa, kwa imani kwamba kufundisha silabi hakuhitaji akili. Huu ndio upuuzi mkubwa kuliko wote katika shule zetu za msingi, na hauhitaji fedha za wafadhili kuurekebisha. Sharti langu la kwanza kabisa lingekuwa hili: shule ambayo mwalimu wake bora hayuko darasa la kwanza au la pili isiruhusiwe kumkaririsha mtoto yeyote.

La pili, anayebakizwa asirudie mwaka uleule. Tunavyokaririsha sasa, mtoto anarudishwa kwa mwalimu yuleyule, kwenye kitabu kilekile, darasa lilelile la watoto mia na kitu, kisha tunategemea matokeo mengine. Atengewe saa moja kila siku na kikundi kidogo cha wenzake wenye shida ileile, wapangwe kwa wanachojua badala ya umri. Hesabu akiiweza aendelee kuisoma na wenzake wa darasa la tatu. Ikifika Juni anasoma, avushwe hiyohiyo Juni. Sioni kwa nini asubiri Januari.

Kenya wamechagua njia nyingine. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mtoto kubakizwa darasani. Naielewa hofu iliyo nyuma yake. Msichana aliyekaririshwa mara mbili anafika darasa la sita ana miaka 14, na wapo wazazi watakaoona ameshamaliza. Ndiyo maana mimi nasema mara moja tu. Nayo elimu ya lazima kwetu sasa inakwenda kuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari, hivyo asiyesoma atabebwa mbali zaidi kuliko yule wa zamani aliyeishia la saba. Bora asimamishwe akiwa na miaka minane kuliko kumi na minne.

Akisharudia mara hiyo moja na bado hasomi, avuke na msaada wake, na hapo shule iache kumtazama yeye kama tatizo. Apelekwe hospitali ya wilaya akapimwe macho na masikio, kwa gharama ya halmashauri, kabla mtu hajamwandikia tena "mzito" kwenye ripoti.