Baba Yuko Jela

Dada aliyekuwa akitulelea watoto alienda kwao Krismasi. Alituaga vizuri, akabeba nauli, mkate, mafuta ya kupikia na sketi moja ya mke wangu, akasema mwaka mpya ukianza tu atakuwa mlangoni. Tangu hapo ukimpigia unajibiwa na yule mama wa kwenye simu kwamba mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Karibu wakati huohuo kampuni iliyokuwa imeniajiri Industrial Area ikaamua kupunguza watu, nami nikapunguzwa. Mke wangu akaketi na kitabu cha kuchorea cha Neema, akapiga hesabu ya mshahara wa yaya, kodi, karo na nauli, akalizungushia jibu duara. Jibu lilikuwa mimi.

Basi nikaingia kwenye kazi isiyo na barua, isiyo na likizo wala saa ya chai. Wakubwa wangu ni wawili. Neema ana miaka minne na ana maoni kuhusu kila kitu. Jabali ana miezi tisa, kusema hajaanza, ila malalamiko yake yanafika.

Tunakaa Umoja, ghorofa ya nne. Maji mengi ya Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, na kati ya Ndakaini na Umoja kuna watu wengi wenye kiu, kwa hiyo sisi yanatufikia kwa zamu. Siku ya zamu hulali. Mfereji ukianza tu kukohoa usiku, ploti nzima inaamka: unasikia mapipa yakiburutwa, ndoo zikigongana, mtu wa juu akimuuliza wa chini kama kwake yamefika. Unajaza pipa, unajaza mitungi, unajaza sufuria zote mpaka asubuhi huna cha kuchemshia chai. Halafu unafua. Unafua kila kitu chenye uzi, maana zamu nyingine Mungu ndiye anayejua.

Siku ninayoisimulia nilikuwa nimefua kila kitu kwelikweli. Suruali zangu zote zilikuwa kwenye beseni. Nilibaki na bukta moja, na hiyo Jabali akaitapikia uji wa wimbi nikiwa nimempakata, ikabidi nayo ifuate wenzake. Nikashika kilichokuwa karibu, leso ya mke wangu, nikajifunga kiunoni. Mke wangu ni mzaliwa wa Kisauni na leso kwake si kitu cha mchezo. Hii ilikuwa nyekundu, mpya, ametumiwa na mama yake, na imeandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Maandishi yalinikaa barabara matakoni. Sikujali; nilikuwa kwangu.

Maharagwe yalikuwa kwenye meko. Jabali alikuwa ameketi sebuleni ndani ya beseni kavu na vijiko vyake vya plastiki. Mlango wa mbele nilikuwa nimeutia komeo kwa ndani, kwa sababu Neema ana tabia ya kushuka ngazi kwenda kumpiga bawabu stori. Nikabeba beseni la nguo, nikatoka balkoni kuanika.

Nikasikia kra-ak.

Hebu niueleze mlango wa balkoni. Ni wa chuma, na landilodi aliupa makomeo mawili, yote kwa ndani: moja juu, moja chini kabisa karibu na sakafu. La juu halijawahi kufanya kazi. La chini ni chuma kinene chenye mkia mfupi. Ukikisukuma kinaingia kwenye tundu la fremu, na ule mkia unajiangukia kwenye kijino. Kukifungua sharti uuinue mkia kwanza, ndipo uvute. Kusukuma, mtoto wa miaka minne anaweza. Keateka, yule mwangalizi wa ploti, nilimwambia siku tuliyohamia kwamba komeo hilo ni balaa kwenye nyumba yenye watoto. Akaniambia ataliangalia.

Dirisha la sebule linatazama balkoni, lakini lina vyuma, na liko upande wa bawaba, kwa hiyo mkono wangu uliingia hadi kwenye kiwiko na kuishia kupungia hewa.

"Neema, fungua mlango."

"Kwanza useme tafadhali."

"Tafadhali."

Akainama, akakazana, akainuka. "Umekataa."

"Inua huo mkia wa chuma, halafu uvute kulia. Kulia, Neema. Kulia!"

Akanitazama kwa masikitiko. "Mimi silii, baba. Mimi ni mkubwa."

Nikajaribu "upande wa TV". Akaenda kwenye TV akaiwasha. Nikajaribu "upande wa mkono unaokulia". Akaniambia amekwisha kula. Sauti yangu ilivyozidi kupanda ndivyo alivyozidi kupoteza hamu na mimi, na mwishowe akaniacha dirishani akaenda jikoni, akarudi anaburuta pakiti ya unga wa ngano wa kilo mbili. Ilikuwa imefunguliwa. Akaketi mbele ya beseni la ndugu yake na kumpaka poda.

Kuna mateso mengi duniani, lakini kumtazama mwanao akipakwa unga kuanzia utosini huku wewe umeshika vyuma vya dirisha na hufiki, hayo sijasikia yakitajwa. Jabali alifurahi mno. Kila akipiga vijiko, wingu lilipanda.

Simu ilikuwa ndani, juu ya kochi. Nikageukia barabarani.

Chini ya ploti yetu kuna mama mboga, na kando yake kuna kinu cha kusaga unga. Kinu kikinguruma, hata ungemwita kwa tarumbeta angesikia nusu. Nikakusanya pumzi.

"Mama Wambo! Niitie keateka!"

Akainua kichwa. "Nikukatie?"

"Keateka! Niitie keateka!"

"Sawa, nakata! Ya ishirini?"

"Mlango umefungwa!"

"Haya, ya ishirini!" Akachukua kisu na fungu la sukuma, akaanza kukata. Yule mama hukata sukuma nyembamba ajabu bila kutazama kisu, macho yote yako kwa mteja, na siku hiyo mteja alikuwa mimi, ghorofa ya nne, nimevaa leso. Mkono ukaanza kupunguza mwendo. Akamgusa jirani yake anayeuza viazi, wote wawili wakatazama juu.

Watu wa bodaboda hawahitaji kuitwa mara mbili. "Mzae, uko sawa?" mmoja akauliza. "Geuka tusome vizuri!" mwingine akasema. Nikawaeleza. Kinu kikakaa kimya wakati huohuo, kana kwamba nacho kilitaka kusikia, kwa hiyo maelezo yangu yote, pamoja na habari ya bukta na uji wa wimbi, yalimfikia kila mtu hadi ng'ambo ya barabara. Kijana mmoja akatoa simu akaanza kurekodi. Nikamwambia aache. Akaniambia nisijali, uso hauonekani.

Angalau kuna aliyemkimbilia keateka. Keateka wetu ni mtu wa vitendo: alikuja, akatazama juu, akapanda, akajaribu ufunguo wake wa akiba kwenye mlango wa mbele, akagonga komeo langu la ndani. Nikamsikia akisema "Huyu amejifungia" kwa sauti ya mtu anayetoa ripoti. Kisha akatuma aitwe fundi wa kuchomelea aliye karibu na stendi, aje na grainda.

Grainda inataka umeme. Umeme wa kwangu ulikuwa ndani pamoja nami, kwa hiyo ikabidi waombe kwa jirani, naye akataka kujua nani atamlipia token za umeme, maana zake zimebaki kidogo na ana nyama kwenye friji. Nililisikiliza bunge lao lote kupitia nyumba yangu mwenyewe. Wakati huo harufu ya maharagwe ilikuwa imekwisha kuacha utani.

Hapo ndipo simu ikalia. Neema akaikimbilia, mikono nyeupe hadi mabegani. Alijua picha ile. Akagusa kitufe cha kijani akaishika mbele ya pua yake.

"Bibiii!"

Ilikuwa video. Ilikuwa mama mkwe, kutoka Mombasa.

Nilichuchumaa. Nilichuchumaa mpaka leso ikalalamika. Mkwe ni mkwe, na mimi tangu nimuoe binti yake sijawahi hata kuvua viatu mbele ya mama huyo bila kuangalia kwanza kama soksi ina tundu.

"Mjukuu wangu," nikamsikia, "mbona mweupe hivyo? Baba yako yuwapi?"

"Baba yuko jela."

Kimya cha sekunde kadhaa, kwa bei ya bando.

"Jela gani?"

"Hii hapa." Akanijia dirishani, akaigeuza simu, akaisukuma kati ya vyuma. Nikainuka taratibu mpaka kifuani, nikajaribu tabasamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Neema." Akasogeza uso karibu na kioo. "Mwanangu, una nini? Na hao wanaopiga kelele ni kina nani?"

Nikamweleza kwa ufupi, nikiiruka bukta. Hakucheka. Mama huyo amelea watoto saba katika nyumba yenye mlango mmoja, hakuna aina ya komeo asiyoijua. Akasema mrudishie Neema simu, na wewe, baba, unyamaze.

"Neema. Weka simu chini, itazame mlango. Waiona ile chuma?"

"Naiona."

"Ina kimkia?"

"Ina."

"Kishike kwa vidole viwili. Kimelala, sivyo? Kiamshe. Kiamshe polepole, kiangalie dari."

Nikaona ulimi wa Neema ukitokeza pembeni mwa mdomo.

"Kimeamka!"

"Vyema. Sasa usikiachilie, kisirudi kulala. Kilete kwako. Kwako, tumboni. Njoo nacho, mama, njoo nacho, njoo nacho..."

Kra-ak.

Mlango ukafunguka, na grainda nayo ikawaka upande wa pili. Niliruka beseni, nikamruka Jabali, nikazima meko, nikakimbilia mlango wa mbele nikipaza sauti kwamba tumefungua, jamani, tumefungua. Grainda haisikii. Cheche zilipita kwenye upenyo, komeo langu likaanguka sakafuni vipande viwili, na mlango ukasukumwa na umati.

Waliingia fundi, keateka, jirani wa token akifuata waya wake, watu wawili wa bodaboda wasio na shughuli yoyote humo, na Mama Wambo akiwa na sukuma kwenye mfuko. "Ya ishirini," akasema, akautazama mwili wangu wote hadi chini, akaongeza, "utalipa baadaye." Jabali alipoona watu alipiga makofi. Wingu likapanda. Bodaboda mmoja akapiga chafya akaomba msamaha.

"Nani hao wote?" ikauliza simu kutoka sakafuni.

Nilipopata suruali mbichi ya kuvaa, mambo ya pesa yalikuwa yameanza. Fundi alitaka elfu moja mia tano: kukata, komeo jipya, kuchomelea. Nikasema hizo ni za landilodi, kwa sababu komeo la balkoni nililipigia kelele tangu tuhamie. Keateka akasema uliokatwa ni mlango wa mbele, mlango wa mbele haukuwa na kasoro, na mkataba unasema mpangaji ndiye hulipa alichoharibu. Nikamwambia sikuharibu mimi. Akasema hata yeye hakuharibu. Tukabishana mpaka akachoka, akaomba aingie msalani kidogo.

Choo chetu kina komeo kwa nje. Nililiweka mimi, juu kidogo, baada ya viatu vya Jabali kuanza kupatikana kwenye bakuli. Neema alivuta ndoo ya plastiki, akaigeuza, akapanda. Nilimwona. Kwa heshima zote, nilimwona vizuri tu.

Kra-ak.

"Nani huyo?" keateka akauliza kutoka ndani. Akausukuma mlango. "Baba Neema? Mbona mlango umekwama?"

Fundi alinitazama. Nikavuta stuli, nikaketi karibu na mlango wa choo.

"Keateka," nikasema, "lile komeo la balkoni."

"Ndiyo?"

"Utaliangalia lini?"

"Kesho. Kesho asubuhi na mapema."

"Na elfu moja mia tano ya fundi?"

Kimya. Tukasikia akijaribu mfereji, tukasikia hauna maji.

"Nitaongea na landilodi," akasema.

"Neema," mama mkwe akaita kutoka kwenye simu, "huyo bado hajasema tafadhali."