Filamu za nyumba za likizo: zinatuhusu sisi tunaotandika vitanda?

Ipo aina ya filamu ambayo wengi wetu tumeitazama bila kuipa jina. Familia moja, au marafiki kadhaa, wanapakia mizigo na kwenda kwenye nyumba ya mbao kando ya ziwa, hoteli ya milimani au jumba la ufukweni. Wanakaa humo siku chache, na kabla hawajarudi mjini ndoa imevunjika, baba na binti wamepatana, au kuna mtu amekufa. Nazipenda filamu hizi, na nilianza kuzipenda kwenye kibanda umiza, enzi za kanda zilizosimuliwa kwa Kiswahili na kina Lufufu. Lakini hapa Arusha na Moshi ipo hoja ya kuzikataa, nami naisikia kila zinapotajwa. Hizo, wanasema, ni starehe za watu wanaolipwa hata wakiwa wamelala, na sisi ndio tunaowafulia mashuka. Kwa nini mtu aliyeripoti kazini loji saa kumi na moja alfajiri amalizie jioni yake kumtazama mgeni mwingine akipumzika?

Hoja hiyo ina mizizi. Filamu za namna hii zimekua pamoja na likizo ya malipo. Ufaransa ilipitisha sheria ya wiki mbili za likizo ya malipo mwaka 1936, chini ya serikali ya Léon Blum, na wafanyakazi wengi wakapata nafasi ya kwenda pwani kwa mara ya kwanza. Bila desturi iliyotokana na sheria ile, Jacques Tati asingekuwa na watu wa kuwachekea mwaka 1953 alipotoa Les Vacances de Monsieur Hulot, iliyorekodiwa Saint-Marc-sur-Mer, filamu yenye maneno machache kiasi kwamba haihitaji msimuliaji. Sisi nasi tunayo sheria: ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka. Ila siku hizo ni za mwenye mkataba. Mama anayeuza ndizi Kiboriloni hana, wala dereva wa bodaboda wa Sakina, wala mgumu, yaani mpagazi, anayepanda Kilimanjaro na mzigo wa kilo 20 na kulipwa kwa safari. Hata majira hayapatani. Julai yao ya kuogelea ndiyo Julai yetu ya makoti, mawingu yameiziba Meru wiki nzima.

Na mfano mzito kuliko yote wa hoja hiyo ulitengenezwa hapa hapa. Hatari! ya Howard Hawks ilirekodiwa Tanganyika kabla ya Uhuru wa Desemba 1961, ikatoka 1962. Wengi wanaikumbuka kwa John Wayne na wenzake kuwafukuza vifaru na twiga kwa magari. Ukiitazama tena, kwa saa zake mbili na nusu na ushee, utaona kwamba sehemu kubwa ni watu wamekaa nyumbani Momella: wanakunywa, wanapiga piano, wanataniana, wanapendana, duma anaingia bafuni alipo mwanamke anayeoga. Kazi yao ni kukamata wanyama wa kupeleka kwenye bustani za ng'ambo, lakini maisha yao ni ya watu walioko likizoni. Wenyeji wanapewa nafasi ya kumpa mgeni jina, Mama Tembo, kisha wanarudi nyuma ya picha. Wakati TANU inajiandaa kuishika nchi, filamu inayopigwa chini ya Meru haikuona mwenyeji hata mmoja wa kumpa shida yake mwenyewe, mapenzi yake mwenyewe, au hata ugomvi.

Kilichofuata kinaipa hoja ile nguvu zaidi. Mmoja wa waigizaji, Mjerumani Hardy Krüger, alipapenda Momella, akanunua ardhi, akaishi pale miaka kadhaa. Nyumba yake sasa ni loji iliyochukua jina la filamu. Kwa hiyo likizo ya kuigiza ilizaa likizo ya kweli, na vijana wa Usa River na Ngare Nanyuki wanapata mshahara kwa kuihudumia. Napenda vumbi na mwanga wa filamu ile. Mpiga picha wake, Russell Harlan, aliteuliwa kuwania Oscar na alistahili. Lakini mtu akiniambia kwamba haimhusu kwa sababu babu yake hayumo ndani yake isipokuwa kama mbeba vitu, sina la kumjibu.

Hoja inanipoteza pale inaposonga mbele na kusema nyumba ya likizo yenyewe ni jambo la Wazungu. Ni mkoa gani Tanzania una nyumba za likizo kuliko Kilimanjaro? Panda kutoka Moshi kwenda Kibosho, Machame, Marangu au Rombo mwezi wa Mei, uangalie mageti yaliyofungwa kwa kufuli. Ni nyumba nzuri, zenye madirisha ya alumini na vigae, katikati ya migomba na kahawa; wenyewe wako Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma, wengine Ulaya. Inapofika Desemba, nchi nzima inatutania kwamba Wachagga wanakwenda kuhesabiwa. Tiketi za mabasi zinakwisha. Treni ya abiria ya Dar hadi Moshi iliporudi Desemba 2019, baada ya miaka ipatayo 25, ilirudi katika mwezi ambao hata mtoto angeuchagua. Kufuli zinafunguliwa, magodoro yanaanikwa juani, mbege inapikwa, mtu anatumwa kutafuta ndafu. Halafu watu ambao hawajalala chini ya paa moja tangu mwaka uliopita wanalala chini ya paa moja.

Hapo ndipo kiini cha filamu hizi kilipo, na ndiyo sababu naona zinatuhusu kuliko filamu nyingi za mapigano tunazozikariri. Nyumba ya likizo inamnyima mtu mahali pa kukimbilia. Mjini mume anaweza kuchelewa kazini, binti anaweza asipokee simu ya baba yake. Kwenye nyumba hii mtakutana mezani asubuhi, mchana na usiku.

Tazama On Golden Pond ya 1981. Inaanza na wazee wawili wanaifungua nyumba yao ya ziwani, wanafunua mashuka yaliyofunika viti, wanaangalia kilichoharibika tangu mwaka jana. Mzee Norman anakaribia miaka 80 na kumbukumbu inamtoka: anatoka kwenda kuchuma matunda, njia aliyoipita miaka yote inampotea, anarudi mbio kwa mkewe akiwa na hofu ambayo hataki kuitaja. Binti anakuja na kinyongo cha utotoni. Henry Fonda aliigiza baba, na bintiye wa kweli, Jane Fonda, akaigiza binti. Fonda na Katharine Hepburn wote walipata Oscar, na Agosti 1982 Fonda akafariki. Hakuna kinacholipuka humo. Lakini sijui filamu nyingine inayoeleza vizuri zaidi ile Desemba ambayo unafika nyumbani na kugundua kwamba baba amekuuliza jina la mkeo mara tatu tangu asubuhi. Mzee wa Uru angeielewa bila tafsiri, pamoja na kwamba hajawahi kuvua samaki ziwani kwa burudani.

Au Why Did I Get Married? ya Tyler Perry, ya 2007, ambayo najua ndoa kadhaa za hapa Moshi zimeijadili kwa sauti ya juu. Marafiki wanne na wenzi wao wanakutana kila mwaka, safari hii kwenye nyumba ya milimani Colorado. Sheila, kwa sababu ya unene wake, anatakiwa alipie viti viwili kwenye ndege; mumewe anabaki ndani ya ndege pamoja na rafiki wa mkewe, na Sheila anaendesha gari peke yake kwenye theluji. Baadaye, wakiwa mezani, siri zinamwagika moja baada ya nyingine. Anayejua kikao cha ukoo cha tarehe 27 Desemba anaijua meza hiyo. Kwetu siri ni za kihamba, shamba la ukoo: nani alichimba msingi upande ambao si wake, kwa nini kitinda mimba aliyerithi nyumba ya baba ameiacha ivuje, fedha za matibabu ya mama zilikwenda wapi. Tofauti ni kwamba sisi tuna jani la sale la kuombea msamaha na mzee wa kulipokea. Tyler Perry hana kitu kama hicho, na nadhani ndiyo maana upatanisho wake mwishoni unakuja haraka mno.

Narudi kwa mtandika vitanda, maana swali lake bado liko palepale. Filamu hizi zinamwona au hazimwoni?

Chache zinamwona, na ndizo ninazozishika. Dirty Dancing ya 1987 imezoeleka kuitwa filamu ya muziki na mapenzi, lakini ukiiangalia kwa jicho la mtu wa Arusha ni filamu kuhusu wafanyakazi wa hoteli. Ni mwaka 1963, hoteli ya milima ya Catskill huko New York, eneo ambalo familia za Kiyahudi zilijijengea mapumziko yao wakati hoteli nyingine zilikuwa zikiwafungia milango. Tajiri wa hoteli anawaambia wahudumu waliotoka vyuo vikubwa wawachangamkie mabinti wa wageni. Wacheza dansi, watoto wa walalahoi, anawaonya wafundishe hatua tu na wasiwaguse. Penny, mmoja wa wacheza dansi hao, anapopata mimba, aliyempa ni mhudumu msomi, na ndiye anayekataa kusaidia. Lawama inamwangukia Johnny, mcheza dansi mwenzake, kwa sababu ya anakotoka. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi loji anaujua ukuta huo kati ya mlango wa wageni na mlango wa jikoni, na anajua nani huulizwa kwanza pochi ikipotea. Ni kweli filamu inamaliza kwa dansi, na dansi haibadilishi mshahara wa mtu. Mkosoaji akisema hivyo nakubaliana naye. Lakini kamera imeingia kwenye mabweni ya wafanyakazi, mahali ambapo Hawks hakuwahi kuipeleka.

Jordan Peele alikwenda mbali zaidi mwaka 2019 kwenye Us. Familia nyeusi yenye nafasi inakwenda kwenye nyumba yake ya likizo karibu na Santa Cruz. Baba anahangaika kununua boti ili asipitwe na rafiki yake Mzungu. Usiku wanatokea watu wanaofanana nao sura kwa sura, walioishi chini ya ardhi wakilazimika kufuatisha kila tendo la walio juu bila kuonja furaha yake. Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya, anaigiza mama wa juu na wa chini. Naichukua kama filamu bora kuhusu likizo katika kizazi hiki, kwa sababu inauliza swali la kutisha kuliko mapanga na mizimu yote ya vibanda vya msituni: raha yako imekalia mgongo wa nani?

Swali hilo haliishii kwa wageni wa Momella. Zile nyumba za Kibosho na Rombo zina mtu anayelala humo miezi kumi na moja. Mara nyingi ni kijana aliyetoka mbali, analisha ng'ombe wa ndani, anakata majani bondeni, anafyeka njia kabla wenyewe hawajafika. Tunapofika, anahamia chumba cha stoo. Na wanawake walioolewa kwenye ukoo hawapumziki Desemba hata siku moja. Wanamenya ndizi za mtori, wanaosha vyombo vya watu arobaini, wanarudi Dar wamechoka kuliko walivyokuja. Tunalalamika kwamba filamu za wengine hazimwoni mtumishi, na sisi hatujatengeneza hata hiyo inayomwona wa kwetu.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko lolote. Tulipotaka kujionyesha, Royal Tour ya 2022, filamu ya Rais Samia ya kuitangaza nchi, iliyozinduliwa hata Arusha, iliionyesha nchi kwa macho ya anayekuja kutembea, na kwa kazi ya kuvuta watalii ilikuwa sawa. Filamu zetu za kuigiza nazo zimekaa zaidi Dar, kwenye sebule za majumba ya kukodi. Desemba ya Kilimanjaro imeachwa kwenye klipu za simu: magari yamepanga foleni Himo, ndafu imevishwa majani mdomoni, basi.

Na haiwezi kusemwa kwamba fedha ndiyo kikwazo, kwa sababu aina hii ni ya watu wasio na fedha. Sam Raimi alianza na kibanda kimoja cha Tennessee, vijana watano na bajeti isiyofika dola 400,000, akatoa The Evil Dead mwaka 1981. Inahitajika nyumba moja, waigizaji saba au wanane wanaoweza kugombana kwa ustadi, na mwandishi aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo hadi usiku. Ningeanzia kwa yule kijana wa ng'ombe, asubuhi ya tarehe 20 Desemba, anafungua madirisha ya vyumba asivyoruhusiwa kulala, anahesabu mashuka. Desemba yenyewe haifai kurekodia, kila chumba kina watu na kila mtu ana la kufanya. Februari nyumba zimeshafungwa tena, mvua za masika bado, na wenye nyumba wengi wangefurahi kupata kodi ya wiki tatu.