Minyoo wa Vilindini na Uzuri Usiobebeka

Mnyoo mzuri kuliko wote, kwa maoni yangu, hana rangi. Wanasayansi wanamwita Tomopteris. Mwili wake unapitisha mwanga kiasi kwamba taa ya roboti ya kuzamia inapomfikia, kinachoonekana kwanza ni ukingo wake tu, mstari mwembamba unaong'aa katikati ya weusi. Kisha anajisogeza, na hapo ndipo macho yanapomkamata. Kila upande wa mwili una safu ya vikafi laini, na kila kikafi kimegawanyika ncha mbili. Havipigi maji kwa pamoja. Kinaanza cha nyuma kabisa, kinafuata cha mbele yake, halafu kingine, mpaka wimbi linapanda kutoka mkiani hadi kichwani bila kukatika. Ukiwahi kuinama ukatazama miguu ya jongoo akitembea, wimbi hilo unalijua. Ila jongoo mwili wake hunyooka, na huyu mwili nao unajipinda kushoto na kulia, kwa hiyo ndani ya mnyama mmoja mna mawimbi mawili, na hayagongani. Kichwani zinatoka nyuzi mbili ndefu, zinazokaribia urefu wa mwili mzima, zikielea nyuma yake kila anapogeuka.

Wengi wa jamii hii hawazidi sentimita chache. Huishi maisha yao yote ndani ya maji, tangu yai hadi kufa, bila kugusa sakafu ya bahari hata siku moja.

Kinachoniuma ni jinsi viumbe hawa wanavyosimuliwa. Karibu kila mara wanatangazwa kama vioja: mazimwi ya kilindini, viumbe wa kutisha, picha za kukukosesha usingizi. Mtazamaji anaambiwa ashtuke kabla hajatazama. Mimi nakataa kabisa. Mnyoo anayeogelea katika kilindi si kioja. Umbo lake limefinyangwa na mahali anapoishi, na uzuri wake hautengani na mahali hapo. Ukimpandisha juu, huna tena mnyama yuleyule. Ndiyo maana imechukua muda mrefu mno mpaka wanadamu wakamwona.

Hebu tupafikirie mahali penyewe. Wastani wa kina cha bahari duniani ni kama mita 3,700. Mwanga wa jua hufifia kwa kasi kadiri unavyoshuka, na ukishapita mita 1,000 hakuna kitu cha kuitwa mchana. Maji ni ya baridi, nyuzi chache tu za Selsiasi juu ya sifuri. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo kwenye mita 3,000 mwili unabanwa mara 300 hivi kuliko ufukweni. Mambo haya matatu, giza, baridi na mgandamizo, ndiyo yanayotajwa siku zote. Lakini nadhani la ajabu zaidi ni la nne, nalo halitajwi sana: katikati ya bahari hakuna kitu cha kushika. Juu ni mbali, chini ni mbali. Hakuna jiwe la kujifichia, hakuna tope la kuchimba, hakuna ukuta wa kuegemea. Ni maji tu pande zote, na hayo maji ya kati ndiyo makazi makubwa kuliko yote duniani kwa viumbe hai.

Sasa kumbuka mnyoo ni nani. Hawa ni polikaeta, minyoo wa baharini wenye mwili wa pingili na nywele ngumu pembeni, na wengi wa ukoo wao ni viumbe wa chini. Wanachimba matope, wanajenga vijumba vya bomba, wanajibana chini ya mawe. Misuli yao ni ya kusukuma udongo. Kwa mnyama wa aina hiyo kuiacha sakafu na kuishi palipo na maji matupu ni uhamaji mkubwa kuliko ninavyoweza kueleza. Na haukutokea mara moja. Koo mbalimbali za minyoo ziliingia maji ya kati kila moja kwa njia yake, na kila moja ikatoka na umbo lake.

Mmoja wao anaitwa Swima bombiviridis. Alitangazwa mwaka 2009 na Karen Osborn na wenzake, pamoja na jamaa zake wengine, jumla spishi 7 ambazo hazikuwa zimejulikana. Walipatikana katika kina cha kati ya mita 1,800 na 3,800, baadhi Pasifiki karibu na Marekani, wengine upande wa Ufilipino. Ndugu wa karibu wa minyoo hawa wanaishi chini, kwenye sakafu. Huyu nywele zake zimerefuka zikawa mapepeo mapana ya kuogelea, na anaweza kwenda mbele na pia kurudi kinyumenyume. Ukimtazama kwa karibu unaona utumbo wake ukipita katikati ya mwili ulio wazi. Karibu na kichwa amebeba vifuko vidogo vya mviringo. Akiguswa, anaachia kimoja, na mara kile kifuko kinawaka mwanga wa kijani, kinaendelea kuwaka kwa sekunde kadhaa, kisha kinafifia. Yeye tayari ameshaondoka. Watafiti wanaona kwamba humvuta adui aukimbilie mwanga huku mnyoo akitorokea gizani.

Jambo linalonisisimua zaidi katika habari hiyo ni asili ya vifuko vyenyewe. Ni matamvua yaliyobadilika. Kiungo ambacho kwa ndugu zake wa sakafuni ni cha kuvutia hewa, kwake kimekuwa taa ya kutupa. Hakuna kiungo kipya kilichoongezwa. Kilichokuwepo kilipewa kazi nyingine kwa sababu mahali palibadilika.

Jambo hilohilo utaliona kwa mnyoo wa Bahari ya Celebes, kusini mwa Ufilipino, anayeitwa Teuthidodrilus samae. Roboti ilimkuta mwaka 2007 kwenye kina cha kati ya mita 2,000 na 2,900, akaelezwa rasmi mwaka 2010, na jina lake la pili ni heshima kwa Wasama, jamii ya watu wa baharini wa eneo hilo. Urefu wake haufiki sentimita 10. Lakini kichwani ana minyiri 10, kila mmoja ukiwa mrefu kama mwili wake au zaidi: minane ni ya kupumua, miwili ya kukusanyia chakula. Anaelea mita mia moja au mia mbili juu ya sakafu, minyiri imetawanyika, vikafi vya pembeni vikipiga polepole. Ukimwona kwa mara ya kwanza utaapa ni ngisi. Kisha unahesabu pingili, na unatambua kwamba ni mnyoo aliyeyatanua matamvua yake kwa sababu hapa hakuna mawe ya kuyararua.

Wote hawa wanakula nini? Wengine, kama Tomopteris, ni wawindaji. Lakini Teuthidodrilus na wengi wa aina yake wanaishi kwa kile kinachoshuka kutoka juu: vipande vya mwani uliokufa, magamba, kinyesi cha viumbe wadogo, ute, vyote vimegandamana na kuanguka taratibu usiku na mchana. Mnyoo mwingine, Poeobius, hutandaza wavu wa ute kukinga punje hizo. Ni mnyama mlaini kabisa, nusura usione pingili zake, na hana haraka ya kwenda popote. Mtu akimdharau kwa umbo lake, basi ajue hili: katika Atlantiki, karibu na visiwa vya Cape Verde, watafiti walikuta Poeobius wamejaa ndani ya maji yanayozunguka kwa wingi wa kutosha kunasa sehemu kubwa ya chakula kilichokuwa kikishuka kwenda chini. Mnyoo wa ute anaweza kuamua viumbe wa sakafuni watakula kiasi gani.

Poeobius alielezwa mara ya kwanza mwaka 1930, na kwa miaka mingi wataalamu walibishana ni mnyama wa kundi gani. Siwalaumu. Walichokuwa nacho mezani ni kilichopandishwa na nyavu. Tangu karne ya 19, meli za utafiti kama Challenger ya Uingereza, iliyozunguka dunia kati ya 1872 na 1876, zilikuwa zikikokota nyavu vilindini. Wavu unafaa kwa samaki, kaa na konokono. Mnyama ambaye mwili wake karibu wote ni maji, wavu unamsaga. Anafika juu kama kamasi. Hata akifika mzima, ukimtia kwenye dawa ya kuhifadhia anakunjamana, anageuka mweupe, minyiri inakatika, uwazi wote unapotea. Vizazi vya wanasayansi makini vilitazama mabaki hayo kwenye chupa.

Mabadiliko yaliletwa na roboti zenye kamera, zinazoshushwa kwa kebo na kuongozwa na rubani aliyekaa juu melini. Taasisi ya utafiti ya MBARI kule California, iliyoanzishwa mwaka 1987, imekuwa ikizishusha karibu na Ghuba ya Monterey kwa miongo kadhaa. Roboti hizo hazikokoti. Zinasimama, zinamulika, zinasubiri, na ikibidi zinamvuta mnyama taratibu ndani ya chombo pamoja na maji yake. Ndipo ilipojulikana kwamba pale ambapo nyavu zilileta ute, kulikuwa na mnyama anayeogelea kwa ustadi.

Hili ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Kuna uzuri wa ganda la konokono, ambao unaweza kuuokota, kuuweka kabatini na kuurithisha. Uzuri wa Tomopteris haubebeki. Uko katika mwendo, katika uwazi, katika ulaini ambao maji yanaubeba na hewa ingeuangusha. Mimi naupa daraja la juu zaidi kwa sababu hiyohiyo. Anayetaka kuuona hana budi kwenda ulipo, au kutuma jicho lake liende.

Najua swali linalofuata. Uzuri kwa nani, kama huko ni giza? Yapo majibu kadhaa. Ndugu wa mbali wa Tomopteris, mnyoo anayeitwa Vanadis, anayeogelea usiku, ana macho makubwa ambayo kwa pamoja yana uzito wa mara 20 hivi ya sehemu nyingine zote za kichwa chake. Watafiti walionyesha mwaka 2024 kwamba macho hayo huona vizuri kwa kiwango cha kushangaza kwa mnyama wa ukoo huo. Tomopteris naye, ambaye hapo mwanzo nimesema hana rangi, wapo katika jamii yake wanaotoa mwanga wa njano wakisumbuliwa. Njano! Katika bahari ambayo karibu taa zote za viumbe ni za buluu au kijani, kwa sababu buluu ndiyo inayosafiri mbali majini na ndiyo ambayo macho mengi ya vilindini yameumbwa kuiona.

Halafu yupo Pectinereis strickrotti, ambaye hana haja na macho ya mtu yeyote. Alionekana mwaka 2009 kwa mara ya kwanza, karibu mita 1,000 chini ya Pasifiki ya Costa Rica, pale gesi ya methani inapovuja kutoka ardhini. Aliyekuwa akiongoza nyambizi ya Alvin, Bruce Strickrott, alimwona akiogelea kwa mawimbi marefu, naye akashindwa kumnasa. Walimpata mwaka 2018, na maelezo rasmi yakatoka 2024, mnyoo akibeba jina la rubani. Chini ya vikafi vyake amejaa matamvua yenye matawi kama manyoya. Watafiti wanaamini kwamba haoni. Mnyama asiyeona, akiishi kwenye giza kamili, anaogelea kwa madaha kiasi cha kumfanya rubani mzoefu amkumbuke kwa miaka 9. Mimi sihitaji ushahidi zaidi kwamba uzuri huu haukusubiri macho yetu.

Kuna sababu ya kuandika haya sasa. Kwenye sakafu ya Pasifiki, katika eneo la Clarion-Clipperton, mita 4,000 hadi 5,500 chini, yametapakaa mawe madogo yenye nikeli, kobalti, shaba na manganizi. Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao Kingston, Jamaika, ndiyo inayotoa mikataba ya kuyatafuta. Mpango wa uchimbaji ni kuyavuta mawe hayo kwa bomba hadi melini, kisha kurudisha baharini maji yaliyobaki na matope yake. Mjadala mwingi unahusu sakafu: konokono, sponji na minyoo wa chini. Ni mjadala wa haki. Lakini matope yakimwagwa katikati ya bahari yatatanda palepale anapoishi mnyoo aliyetandaza wavu wa ute kukinga punje za chakula. Wavu huo utakusanya udongo. Na vumbi hilohilo litapunguza umbali ambao mwanga wa kijani wa Swima unaweza kuonekana, na huo mwanga ndio ngao yake.

Ningependa kila ombi la kuchimba lidaiwe kwanza picha za maji ya kati, kuanzia mita 200 hadi karibu na sakafu, zilizopigwa na roboti zinazosimama na kusubiri, kwa misimu kadhaa, na majina ya waliokutwa humo. Nyavu hazitoshi kwa kazi hiyo. Atakayeleta orodha ya nyavu anaweza kuleta orodha isiyo na Poeobius, isiyo na Swima, isiyo na Tomopteris, kisha aseme maji yalikuwa matupu.