Bila kaunti, mpango ni karatasi tu

Mwandishi wa makala niliyoisoma anasema kuhamisha watu siku ya ajali ya nyuklia ni kazi ya kampuni ya umeme na serikali kuu. Huku Marekani si hivyo. Baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island, Pennsylvania, mwaka 1979, kila mtambo wa nyuklia ulitakiwa uwe na mpango wa dharura wa eneo la takribani maili 10, unaopitiwa na FEMA, shirika la serikali kuu la kushughulikia majanga, na tume ya nyuklia, NRC. Lakini anayefunga barabara na kutafuta mabasi ni kaunti, yaani serikali ya eneo husika. Someni yaliyoukuta mtambo wa nyuklia wa Shoreham, kisiwani Long Island, New York: mwaka 1983 kaunti ya Suffolk ilisema wazi haiwezi kuwatoa watu salama kwenye kisiwa kile (foleni za magari huko ni balaa), ikagoma kushiriki. Kampuni ya umeme ikajiandikia mpango wake yenyewe, wapi! Mtambo wa takribani dola bilioni 6 haukuwahi kuanza biashara. Mimi nakaa ndani ya maili 10 za mtambo mwingine. Kila mwaka tunaletewa kalenda yenye ramani ya njia za kutokea na mahali watoto wa shule watakapopelekwa, ila kwenye mazoezi wanaitwa maofisa tu. Nyie mnaokaa karibu na mitambo, mmewahi kushirikishwa?