Njia za basi zinapopunguzwa, abiria aulizwe lini?

Mamlaka ya usafiri ikiishiwa fedha, mabasi ndiyo huwa rahisi kuguswa. Reli imeshachimbiwa ardhini kwa gharama kubwa. Basi huondolewa kwa kubadilisha ratiba tu. Ndiyo maana huduma inaweza kutoweka kabla wanaoitegemea hawajajua kwamba ilikuwa hatarini.

Wanaotaka uamuzi wa haraka wana hoja nzito. Kila mwezi wa kusubiri maoni ni mwezi mwingine wa hasara. Wanaofika kwenye mikutano ya hadhara mara nyingi ni wenye nafasi, na anayefanya kazi zamu mbili hayupo. Tena anayepoteza basi lake anaiona hasara leo, ilhali atakayepata basi kila dakika 10 badala ya kila dakika 30 bado hajui kwamba atanufaika, kwa hiyo haandiki chochote. Jarrett Walker, mshauri wa usafiri wa Marekani, amesisitiza kwa miaka mingi kwamba bajeti ileile haiwezi kufikisha basi kila mtaa na pia kujaza mabasi ya mara kwa mara kwenye barabara zenye watu wengi. Jamii lazima ichague. Ukiuliza kuhusu njia mojamoja, jibu litakuwa lilelile: msiiguse.

Nakubaliana na sehemu kubwa ya hayo, ila takwimu za ofisini hazioni kila kitu. Chukua basi la mwisho la usiku lenye abiria wanne. Kwenye jedwali ni hasara tupu. Lakini kama hao wanne ni wafanya usafi wa hospitali wanaotoka zamu, basi hilo la kurudi nyumbani ndilo linalowawezesha kwenda kazini kwa basi la mchana. Ukilifuta, unawapoteza usiku na mchana pia, na mwakani basi la mchana nalo litaonekana halina watu. Mashine ya tiketi huhesabu waliopanda, haisemi wangefanya nini bila basi. Hilo analijua abiria, na mara nyingi dereva wake.

London ilipitia mvutano huu mwaka 2022. TfL, mamlaka ya usafiri ya jiji hilo, ikiwa imebanwa kifedha baada ya UVIKO-19, ilipendekeza kufuta njia kadhaa za katikati ya jiji. Maoni zaidi ya 20,000 yakamiminika, na mwezi Novemba sehemu kubwa ya mpango ikaachwa. Njia ya 24 ilinusurika. Ya 521 ilifutwa mwaka uliofuata. Tusisahau, hata hivyo, kwamba meya Sadiq Khan alitenga fedha za ziada. Maoni yalimpa sababu ya kuzitafuta. Peke yake yasingelipa dereva hata mmoja.

Katika maeneo mengi ya Uingereza nje ya London hali ni tofauti. Tangu soko la mabasi lilipofunguliwa mwaka 1986, kampuni inayoendesha njia kibiashara inaweza kuifuta kwa kutoa notisi kwa msimamizi wa leseni, bila kulazimika kuwauliza abiria. Sioni haki katika hilo, hasa pale ambapo basi ni moja tu.

Mahakama za Uingereza zina kipimo kizuri, kilichotokana na kesi ya Gunning ya mwaka 1985 kuhusu kufungwa kwa shule: watu waulizwe uamuzi ukiwa bado wazi, wapewe sababu za kutosha, wapewe muda, kisha majibu yao yazingatiwe kwa dhati. Masharti haya huvunjwa mara nyingi. Tangazo hubandikwa kituoni kwa herufi ndogo, "huduma itaboreshwa", bila kutaja kwamba basi la mwisho sasa litaondoka saa moja usiku. Dodoso liko mtandaoni, wakati asiye na simu janja amesimama hapohapo kituoni.

Kwa hiyo umma uulizwe mara mbili. Kwanza mapema, kabla ramani haijachorwa: fedha ni hizi, tufikie mitaa mingi au tuongeze mabasi kwenye barabara kuu? Kisha, ndani ya mabasi yenyewe, kuhusu saa na vituo. Kama njia haiwezi kuokolewa, isemwe waziwazi, na waulizwe yale tu yanayoweza kubadilika. Mwishoni itolewe orodha ya yaliyobadilishwa kutokana na maoni na yaliyokataliwa, na sababu za kila moja, ibandikwe kwenye vituo vilevile.