Mkwara Ukishajibiwa: Uendelee au Unyamaze?

Katika vijiwe vya Ngamiani hapa Tanga, poka imeingia kupitia simu na sasa imekaa pembeni ya albastini na lasti kadi. Wengi huichezea vizibo vya soda, na heri iwe hivyo. Kamari ni haramu kwa wengi wetu, na anayetaka kuchezesha ya pesa ana sheria ya mwaka 2003 na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya kujibu mbele yake. Lakini hata dau likiwa kizibo, ubishi hauishi. Umepiga mkwara huku karata zako hazina kitu, ukitaraji mwenzako afunge zake. Hakufunga. Amesukuma vizibo sawa na vyako, ametulia. Karata nyingine inafunuliwa. Unapiga tena au unanyamaza?

Kwa asiyeijua poka ya Texas: kila mchezaji hushika karata mbili za siri, na tano hufunuliwa katikati kwa wote. Zinatoka tatu kwa pamoja, kisha ya nne, kisha ya tano, na kila hatua ina duru yake ya dau. Asiyetaka kulifikia dau hufunga karata na kuuacha mzigo wa mezani, yaani vizibo vyote vilivyokwisha kuwekwa.

Wanaosema endelea wana hoja moja mbovu na moja nzito. Mbovu ni ile inayosikika zaidi: "nimeshaweka vingi, siwezi kuviacha." Ulivyokwisha kuviweka ni mali ya meza, na hesabu ya dau lijalo haivijui vilitoka mfukoni mwa nani. Hoja nzito ni hii. Mtu anayekufuata kwenye zile karata tatu za kwanza mara nyingi hajasema kwamba ana kitu kikubwa. Pengine ana jozi ndogo, pengine anasubiri karata moja ili apate tano za aina moja, kama kopa tupu au shupaza tupu, pengine anataka tu kuona kinachofuata kwa bei nafuu. Watu wa namna hii ndio hufunga wakipigwa mara ya pili. Ukiacha kila unapofuatwa, umewafundisha kukufuata bila hofu, wakijua duru ijayo utanyamaza na mzigo watauchukua wao.

Hapo hata hisabati iko upande wa wanaosema endelea. Mwaka 1944 mwanahisabati John von Neumann na mwanauchumi Oskar Morgenstern walionyesha, kwa kutumia mfano mdogo wa poka, kwamba mchezaji asiyepiga mkwara kabisa anasomeka, na kwamba mikwara mizuri haipigwi ovyo bali kwa kiwango. Ikiwa kwenye karata ya mwisho unaweka dau linalolingana na mzigo wote, kiwango hicho ni mkwara mmoja kwa kila mikono miwili ya kweli, yaani mara mbili unapopiga ukiwa na karata nzuri. Ukizidisha, wakufuate, ukipunguza, wafunge.

Upande wa pili unaanza na jambo lilelile na kuligeuza. Ndiyo, alikufuata. Maana yake angekuwa na karata dhaifu kupita zote, angekwisha kuzitupa. Wanaobaki kufuata ni wenye jozi, wenye jozi mbili, wenye karata tatu zinazofanana waliojificha wakisubiri ujimalize. Kila unapojibiwa, chujio linakaza. Anayepiga dau la pili anapigana na mtu mwenye nguvu kuliko yule aliyempiga la kwanza.

Pande zote mbili zinasema kweli. Kinachoamua ni jinsi huyo mtu alivyokufuata: hufuata na karata za kila aina, au ni mchaguzi? Na akishafuata, ana tabia ya kufunga baadaye? Nadhani hapa ndipo ushauri wa video za nje unapotupotosha. Albastini haina mlango wa kutokea. Karata ikiteremshwa unaijibu, unakula au unaliwa, mpaka mkono uishe. Aliyekulia kwenye mchezo huo akija kwenye poka huona kufunga karata ni aibu, tena mbele ya watazamaji waliomzunguka na kahawa mkononi. Atakufuata na jozi ya tatu kwa ukubwa mezani ili tu asionekane ametishwa. Kumpiga mtu huyu mkwara wa pili, na wa tatu, ni kumgawia vizibo.

Mkwara maarufu kuliko yote wa zama hizi unathibitisha jambo hilo, ingawa watu huutaja kuthibitisha kinyume chake. Ni fainali ya World Series of Poker, mashindano makubwa ya poka duniani, ya mwaka 2003 kule Las Vegas, walipobaki Chris Moneymaker, mhasibu, na Sammy Farha, mchezaji wa kulipwa. Mezani palikuwa na tisa, mbili na sita, kisha nane. Tatu kati ya hizo, yaani tisa, sita na nane, zilikuwa shupaza. Moneymaker alishika mfalme wa shupaza na saba, hana hata jozi. Farha akaweka dau, Moneymaker akalipandisha, Farha akafuata. Ikaja tatu ya kopa, isiyomsaidia kitu. Moneymaker akasukuma vyote. Farha, mwenye jozi ya tisa, iliyokuwa mbele, akafikiri sana na kufunga. Moneymaker akaendelea hadi ubingwa wa dola milioni 2.5.

Watu husimulia ujasiri. Mimi naona mambo mawili mengine. Kwanza, alipopandisha dau kwenye karata ya nne hakuwa mtupu kabisa: shupaza yoyote ingempa tano za aina moja, na tano au kumi ingempa mfuatano wa karata tano. Na mfalme wa shupaza akiwa mkononi mwake, hakuwa mkononi mwa Farha, kwa hiyo mwenzake asingeweza kuwa na shupaza tano zinazoongozwa na mfalme huyo. Pili, Farha alikuwa mtu anayeweza kufunga jozi ya juu. Mweke babu wa kijiweni kwenye kiti kile, na historia ya poka ingeandikwa vingine.

Hesabu nayo isisahaulike. Mzigo ukiwa vizibo 300 na ukiweka 200, mkwara mtupu unahitaji kufaulu mara 2 katika kila 5 usipate wala usikose. Ukiwa unasubiri karata tisa zitakazokupa tano za aina moja, na imebaki moja ya kufunuliwa, una takriban asilimia 20 ya kuipata hata akikufuata, hivyo hitaji la yeye kufunga linapungua. Mkono wa namna hiyo ndio wa kuendelea nao. Mkono mtupu wa kufa, uache.

Karata iliyofunuliwa nayo ina neno lake. Uliongeza dau tangu mwanzo, zikatoka mfalme, saba, mbili, ukafuatwa, kisha ikaja ree. Ree ni karata kubwa, na aliyeongeza dau tangu mwanzo hudhaniwa ana karata kubwa, hivyo inafanana na mikono yako kuliko yake, na mwenye jozi ya saba ataanza kujiuliza. Ikija nane au sita haitishi mtu, na pengine imemsaidia yeye.

Sehemu ngumu ni karata ya tano. Uliyekuwa unasubiri kopa, zimekataa kuja, na mkono unawasha kupiga mara ya mwisho. Kopa mbili ulizoshika zinapunguza uwezekano kwamba naye alikuwa akisubiri kopa, na aliyezikosa kopa ndiye angefunga. Aliyebaki mbele yako yaelekea ana jozi halisi. Kwa mchezaji aliyewahi kuonekana akifunga jozi, ningepiga mara chache, nikiwa na karata inayomzuia asiwe na mkono mkubwa kabisa. Kwa yule ambaye kijiwe kizima hakijamwona akifunga baada ya karata ya nne, nanyamaza, namwachia mzigo, nasubiri siku nitakayoshika wafalme wawili niweke dau kubwa kuliko la mkwara.