Sonona na Ndugu Wanaomzunguka Mgonjwa

Katika mijadala ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, huku Lindi na Mtwara, wapo wanaoshikilia kwamba mwenye ndugu wengi hapatwi na maradhi hayo, na wapo, hasa watu wa tiba, wanaoiona kauli hiyo kuwa ndiyo inayowachelewesha wagonjwa kufika hospitali. Hawa wa pili wana hoja. Mtu anaweza kuishi Tandahimba katika nyumba iliyojaa watu akakosa hata mmoja wa kumweleza linalomsumbua. Tena sonona yenyewe humtenga mtu na wenzake, hivyo upweke tunaoudhania kuwa chanzo huenda ukawa matokeo.

Hata hivyo, wanaowatetea ndugu hawasikilizwi vizuri. Mwaka 2010 mwanasaikolojia wa Marekani Julianne Holt-Lunstad na wenzake waliunganisha tafiti 148 zilizohusisha watu zaidi ya 308,000, wakakuta kwamba uwezekano wa kubaki hai kwa wenye mahusiano imara ulizidi kwa asilimia 50 ule wa wenye mahusiano dhaifu. Takwimu hii hunukuliwa ovyo, kana kwamba rafiki huongeza nusu ya umri. Tena mwenye afya ndiye mwenye nguvu za kutembelea watu. Lakini uhusiano huo ulibaki vilevile hata walipozingatia hali ya afya ya mtu mwanzoni mwa utafiti. La kutazamwa zaidi ni mgawanyo wake: kuishi na watu badala ya kuishi peke yako kulihusiana na ongezeko la asilimia 19 tu, ilhali kushiriki maisha ya jamii kwa njia nyingi kulihusiana na ongezeko la asilimia 91. Kwa maneno mengine, wingi wa vichwa nyumbani si kitu kikubwa. Kikubwa ni kikoba, msikiti au kanisa, ngoma, na msiba ambako mtu asipoonekana watu huuliza yuko wapi.

Wenye shaka hutaja jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2003, ambapo wagonjwa 2,481 waliopata shambulio la moyo waligawanywa, wengine wakapewa ushauri wa kupunguza sonona na upweke. Sonona ilipungua kiasi, vifo havikupungua. Ni matokeo ya kuheshimiwa, ila yalipima ushauri wa wataalamu wa miezi michache. Hayakupima yule shangazi anayelala chini ya kitanda cha mgonjwa katika hospitali ya Ndanda au Nyangao, akatafuta nauli, akapika uji na kukumbusha vidonge vya presha, kazi ambayo mwenye sonona mara nyingi hana nguvu ya kujifanyia.

Kwa hiyo mhudumu wa afya anayemtoa ndugu nje ya chumba cha matibabu moja kwa moja anapoteza msaidizi. Amtoe kwa dakika chache, maana ndugu huyo huyo huweza kuwa ndiye chanzo cha mateso, kisha kwa ridhaa ya mgonjwa amrudishe ndani na kumweleza dawa zinavyotumika.